Selo ya Usiku wa Kol Nidre

Baba yangu alikuwa na kichwa kigumu, na mimi nimekirithi chote. Yeye, Yekutiel, mwimbishaji wa sinagogi hapa Haifa maisha yake yote, aliamini Siku ya Upatanisho ikishaingia chombo cha muziki ni haramu. Sauti ya mtu tu. Mimi napiga selo, ile fidla kubwa ya kubanwa na magoti. Kwenye sinagogi letu, ambalo wazee wa aina yake wanaliita la waasi, mimi ndiye ninayepiga Kol Nidre, dua ya kuifungua siku hiyo. Baba hakuwahi kuja kunisikia. Hata mara moja! Nimelia kwa hilo, na nimetukana kwa hilo.

Mwaka wa korona masinagogi yakafungwa, naye akalazwa, mapafu yamechoka. Nikampigia simu.

"Baba, ibada yetu itakuwa mtandaoni. Nesi akuwashie, unisikie. Mara hii tu, kabla..."

"Kabla sijafa? Sema tu, kusema hakuui."

"Ndiyo, kabla hujafa, mzee mkaidi we!"

Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Haya. Nitausikiliza huo mkwaruzo wako. Ila siku takatifu msichezee mitambo."

Hilo tulishakubaliana. Rabi wetu, mama Nitza, aliwaagiza watu wote: washeni kompyuta kabla jua halijazama, zimeni maikrofoni zenu, halafu mtu asiguse kitufe mpaka kesho jioni. Tukajaribu sauti. Nitza akauliza, "Mnanisikia?" Wakapunga mikono. Nikashika selo nami nijaribu, lakini jua ndilo hilo linazama.

"Acha bwana," akasema. "Mimi nikisikika, nawe utasikika."

Kol Nidre hurudiwa mara tatu: kwanza chinichini, kisha juu kidogo, kisha kwa nguvu zote. Nikafumba macho nikampigia baba. Ile ya tatu, sijawahi kupiga vile, na sidhani kama nitapiga vile tena.

Kesho yake mfungo ulipoisha, chai bado iko mkononi, Nitza akapiga simu akilia.

"Tirza, selo haikusikika hata chembe. Mtambo wenyewe ni wa mikutano. Sauti ndefu isiyo ya mtu unaidhani feni, unaikata."

"Watu wote nyie mnanitazama napiga hewa, hakuna wa kuniambia?"

"Tungekuambiaje? Tuliapa hatugusi kitu."

Nilikirusha kikombe ukutani, na chai yake. Jamani, baba yangu! Kabla sijaokota vipande, simu ikalia tena. Alikuwa Rim, nesi wake. Akamsogezea baba sikioni.

"Tirza mwanangu." Sauti ilikuwa imebaki uzi. "Nilikuona. Ulipeleka upinde bila kugusa nyuzi. Mara zote tatu, kimya. Kwa ajili yangu."

Nikaibana simu sikioni.

"Nimelia kama mtoto. Miaka yote nilidhani hunisikilizi. Sasa naondoka na moyo mweupe."

Nimwambie nilipiga mpaka vidole vikauma?

"Ndiyo, baba," nikasema. "Kwa ajili yako."

Tulimzika wiki hiyo hiyo, kabla ya Sikukuu ya Vibanda. Hakunisikia hata mara moja, na alikufa akinishukuru kwa hilo.