Mtani Anasoma, Mngoni Anaandika

Mimi sina subira, na hatimkato haifundishwi kwa subira. Mwandishi wa mahakamani anaandika maneno ya watu wanaogombana, na watu wanaogombana hawamsubiri mtu. Kwenye chuo chetu kidogo hapa Mfaranyaki mimi nasoma kwa sauti, macho kwenye saa, wanafunzi wananifukuzia kwa vimistari na vinukta. Akichelewa mtu, napiga meza.

Notburga nilimpigia meza mpaka kiganja kikauma. Binti wa mtaa wa Ruhuwiko, vimistari vyake safi kabisa, ila kwenye maneno themanini kwa dakika alikuwa amegota. Neno moja likimpita anarudi kulitafuta, na huku kumi mengine yanakwenda zake.

"Acha liende!" namfokea.

"Madam, siwezi kuacha neno la mtu njiani," anajibu, machozi yanamlengalenga.

Mahakamani kulikuwa na nafasi ya mwandishi, inamsubiri atakayefaulu maneno mia. Notburga alishaanguka mara mbili, na mtihani uliobaki ndio wa mwisho kwake. Nilimpenda yule mtoto, ndiyo maana nilimgombeza kuliko wote.

Wiki ya mtihani nikamwita Goodluck, karani wa mahakama, Mhehe wa Iringa aliyehamia huku juzijuzi, mdomo wake hauna breki. Nikampa kesi ya mbuzi aliyepotea, asome. Kusikia Notburga ni Mngoni, weee! Mtani kapata mtani. Katikati ya ushahidi akachomeka lake: "Shahidi alieleza kwamba mbuzi alitimua mbio kama Wangoni walivyotukimbia sisi Wahehe vitani..."

Notburga akatupa penseli. "Nani alimkimbia nani? Babu zako mpaka leo wamejificha mapangoni, hawajui vita imekwisha!"

Darasa zima likavunjika mbavu. Mngoni achokozwe na mtani halafu anyamaze? Thubutu! Hata mimi, Getruda Komba mzima, Mngoni mwenzake, nilishafungua mdomo nimsaidie. Lakini zoezi lilikuwa limeharibika, nikapiga meza.

"Andika kwanza! Akimaliza, mjibu utakavyo."

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Goodluck anachokoza, Notburga anaandika huku mabega yanatikisika kwa kicheko, jibu limemjaa kinywani. Na kwa hamu ya kulifikia jibu lake hakuwa tena na muda wa kurudi nyuma kuokota neno. Likimpita, anasonga. Kufikia Alhamisi Goodluck anasoma maneno mia, na binti yuko naye sambamba. Nukta ya mwisho ikishawekwa tu, anamtolea uvivu mpaka kijana anaomba maji. Nilirudi nyumbani nacheza lizombe, ngoma yetu Wangoni, barabarani, waliocheka na wacheke.

Ijumaa akaja msimamizi, mama mmoja mkavu, hana utani wala salamu ndefu. Akaanza kusoma kesi ya mpaka wa shamba. Mimi nimekaa nyuma, nimeng'ang'ania kiti. Katikati ya kesi bodaboda ikapiga honi pale dirishani, na nikaona penseli ya Notburga imesimama. Mungu wangu! Nikajua anarudi kulitafuta. Nikainua mkono nipige meza, nikakumbuka leo sina ruhusa. Notburga akavuta pumzi, akaruka nafasi, akaendelea.

Baadaye wanafunzi wakachapa walichoandika. Msimamizi akasahihisha palepale, kalamu yake nyekundu ikashuka mstari kwa mstari, ikasimama kwenye ile nafasi tupu.

"Neno moja halipo," akasema. "Linavumilika. Umefaulu maneno mia."

Nilipiga vigelegele, heshima ya ualimu nikaiweka kando. Nikamkumbatia Notburga nikalia, wala sikuona aibu.

Tulipotoka nje akanishika mkono, uso wote unacheka.

"Madam, hivi lile neno lilikuwa lipi?"

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Hata mimi lilinipita. Nilikuwa nakutazama wewe."