Milango Minne ya Vyoo vya Wasichana

Binti wa seremala alianza kuumwa tumbo la chini alipoingia darasa la sita. Zahanati walimpima mkojo, kisha muuguzi akamtazama baba juu ya miwani.

"Mtoto huyu hanywi maji."

Seremala akashangaa, maana kila asubuhi alimjazia chupa kwa mkono wake mwenyewe. Akamuuliza mtoto, mtoto akachukua chupa akaenda kuiosha. Mama yake alikuwa amefariki, na yako mambo binti hamwambii baba. Alimwambia shangazi, na shangazi akaenda moja kwa moja karakanani kwa kaka yake.

"Vyoo vya wasichana havina milango, kaka. Mwaka mzima sasa. Mmoja akiingia, wenzake wanamziba kwa masweta. Wengi wameamua kutokunywa maji mpaka warudi nyumbani."

Seremala akaweka randa chini. Nusu ya milango ya mtaa ule aliitengeneza yeye, na mwanawe anasitiriwa kwa sweta.

Asubuhi iliyofuata alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Nipe vipimo vya milango ya vyoo tu, mwalimu. Mbao ninazo, nitaifunga mwenyewe."

"Ningefurahi, baba. Lakini jengo haliguswi bila idhini ya bodi, na kila nikimwandikia mwenyekiti ananiambia kesho."

Ndiyo maana wazazi walikwisha kumbandika mwenyekiti jina la Bwana Kesho.

"Bodi inachaguliwa lini?"

"Jumamosi hii."

Seremala alikuwa mtu wa maneno haba. Hata harusini hukaa karibu na mlango. Dada yake aliposikia kwamba anagombea, alicheka mpaka akashika mbavu. "Utawaambia nini watu, wewe unayezungumza na mbao?" Kisha akampigia pasi shati jeupe.

Siku ya mkutano ukumbi ulifurika. Bwana Kesho alihutubia nusu saa nzima kuhusu maendeleo. Seremala akasimama, akashika kiti kilichokuwa mbele yake.

"Fundi, umekuja kutuuzia kabati?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka, na hapo ulimi ukamfunguka.

"Kabati sina leo. Nina swali. Nani hapa binti yake akirudi kutoka shule hukimbilia chooni kabla hata hajavua begi?"

Muuza mboga mmoja akanyoosha mkono. Halafu dereva wa lori. Halafu mikono ikawa haihesabiki.

"Wanajizuia kutwa, kwa sababu vyoo vyao havina milango. Naona haya kulisema hili mbele yenu, lakini haya yangu ni ndogo kuliko yao. Nichagueni, na milango nitaifunga kwa mikono hii."

Kura zikapigwa, seremala akashinda. Bwana Kesho akadai zihesabiwe upya. Zikahesabiwa, na za seremala zikaongezeka tisa. Dada mtu akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Bodi mpya ilikutana Jumatano, ikatoa idhini kabla chai haijapoa. Jumatatu iliyofuata milango minne ilikuwa imesimama wima, kila mmoja na komeo lake kwa ndani. Binti yake akawa wa kwanza kwenye foleni. Akaingia, akafunga, komeo likalia kwa nguvu, na wasichana wote waliokuwa nje wakapiga makofi.

Makofi hayo yalimkuta seremala, sasa mjumbe wa bodi, ofisini kwa mwalimu mkuu, akisoma barua kuhusu paa la darasa la kwanza linalovuja. Akatabasamu peke yake, akaikunja barua, akaitia mfukoni, akaenda kutafuta ngazi.