Fito Zilizoachwa Zimesimama

Ufito wa tatu ulimchapa Guyo usoni, na wanawake wa manyatta wakaangua kicheko.

Alikuwa amelifunga shuka kiunoni kama mtu anayetaka kuchinja ngamia. Mikeka ya paa alikwisha kuing'oa na kuitupa ovyo. Zilibaki fito, zile ndefu zilizopindwa kama mbavu na kufungwa kwa kamba za ngozi. Guyo alikuwa amelala chini ya fito hizo tangu siku aliyooa, na ndiyo kwanza anagundua kwamba hajui upi unatangulia na upi unafuata.

"Si huo, shemeji!" jirani alimpigia kelele. "Huo unashika kitanda!"

"Mwacheni," mwingine akadakia. "Leo anabomoa nyumba, kesho atakamua, kesho kutwa atanyonyesha."

Abiba, mkewe, alikuwa ameketi juu ya jiwe akimtazama. Hakucheka. Hakukasirika pia, na hilo ndilo lililomkera Guyo zaidi. Mwanamke aliyekasirika unajua pa kumshika. Huyu alikuwa anafikiri.

Mwaka huo wa 1984 mvua ndefu iliwapita watu wa Isiolo kwa mbali, wakaisikia ikinguruma kwa wenzao. Hapa walipokaa, upande wa Ngaremara, ng'ombe waliinuliwa asubuhi kwa kushikwa mkia, na wengine hata mkia ukishikwa hawakuinuka. Ndipo Arero, mdogo wake Guyo, akatumwa kutafuta malisho. Alirudi asubuhi ile midomo imepasuka, macho yanang'aa.

"Nyuma ya vilima kuna nyasi mpaka magotini," aliwaambia wanaume. "Kuna silanga, bwawa pana, maji yanameta. Hata kuni zipo. Kuna nyumba za watu wa zamani, fito bado zimesimama."

Wanaume wakamshukuru Mungu. Mzee Tadicha, mkubwa wa manyatta, akapiga fimbo chini. "Fungeni mizigo sasa hivi, kabla wengine hawajasikia."

Abiba alikuwa akipita na chicho, kile chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi. Akasimama.

"Fito zimesimama, Arero?"

"Ndiyo."

"Zimefungwa bado?"

"Mama Dida, mimi nilitumwa kuangalia nyasi."

"Mama Dida," Tadicha akaingilia, "malisho ni maneno ya wanaume."

"Sawa, mzee. Ng'ombe ni wenu, wahamisheni. Nyumba ni yangu. Haishuki mpaka nijue kwa nini zile hazikushuka."

Wanawake wengine, mmoja baada ya mwingine, wakaziweka chini kamba za mizigo. Guyo akaapa mbele ya watu kwamba ataibomoa nyumba mwenyewe. Ndiyo hiyo iliyokuwa sasa imempiga usoni.

Akaacha. Akaenda kuketi karibu na mkewe, shavu linamwasha.

"Una nini wewe? Tukikawia, nyasi zitaliwa na wengine. Ng'ombe wetu watafia hapa."

"Najua," Abiba akasema. "Nikuulize kitu, Baba Dida. Ukihama, wewe unaacha nini nyuma?"

"Mavi ya ng'ombe."

"Na mimi?"

Guyo akafikiri. Katika kuhama kwao kote alikuwa ameona majivu na mawe ya jiko. Ufito hajauona hata mmoja. Fito hizi Abiba alipewa na mama yake siku ya harusi. Ukivunjika mmoja, alitembea kutwa nzima kutafuta mti wa kufanana nao. Aliwahi kuacha chungu. Aliwahi kuacha mbuzi aliyezaa njiani. Fito, hapana.

"Basi huyo mwanamke alikuwa nani," Abiba akauliza, "aliyeondoka akaziacha zake?"

Swali lile lilimwingia kama kupe sikioni. Alijaribu kulipuuza, likazidi kutembea. Mwishowe akamwendea Tadicha.

"Nitaenda naye akaone. Arero atatuonyesha njia."

"Mpelelezi wa kike!" Tadicha akatema mate. "Tutachekwa mpaka Kiwanjani, kule mjini."

Guyo akagusa shavu lake. "Tumeshachekwa, mzee."

"Ng'ombe wakifa ukiwa njiani, utakuja kumweleza kila mtu mlangoni pake. Mimi simo."

Wakaondoka watatu na ngamia mmoja, wakafika siku ya pili jua likiwa limeegemea vilima. Arero hakusema uongo. Nyasi zilikuwa zimekauka vizuri zikisimama, rangi ya manyoya ya simba, na upepo ulipozilaza Guyo akasimama kusikiliza. Alikuwa amesahau nyasi zina sauti gani.

"Si niliwaambia?" Arero akasema.

Abiba alikwisha kwenda kwenye nyumba. Zilikuwa chache, mikeka imeliwa na mchwa, fito zake tupu zimesimama wima kama mifupa. Alipitisha mkono juu ya mafundo, polepole, kama anayemsalimu mtu. Ndani ya nyumba moja chicho kilining'inia kwenye ufito, kifuniko juu. Akakifungua, akanusa, akampa Guyo. Guyo akanusa. Chini ya vumbi, harufu ya moshi mtamu ilikuwa bado imo.

"Alikiosha, akakifukiza," Abiba akasema. "Alitaka kurudi."

Akazunguka nyuma ya nyumba, wao wakamfuata. Mifupa ya ngamia ililala nyasini, na juu ya mbavu zake palikuwa na vijiti vya tandiko, vimefungwa tayari kwa mzigo. Mbele kidogo, mwingine. Naye alikuwa na tandiko.

"Hiyo niliiona," Arero akasema. "Mwaka huu mifupa iko kila mahali."

"Tandiko uliliona?"

Arero akatazama pembeni.

Silanga ilikuwa pana kweli, mbingu yote imelala ndani yake. Abiba akapandisha gauni, akaingia.

"Shemeji, utachafua maji!" Arero akapiga kelele.

Hakusimama. Walimtazama akienda, akienda, wakingoja azame magotini. Alipofika katikati akageuka. Maji yalikuwa yamemfika juu kidogo ya kifundo cha mguu.

Arero, aliyekunywa ukingoni na kurudi mbio na habari njema, akachuchumaa na kushika kichwa.

"Walikuja kwa nyasi, kama sisi," Guyo akasema taratibu. "Maji mafupi kama haya yakaisha, nyasi zikabaki. Wakataka kuondoka, ngamia wa kuwabebea wakafa kwa kiu na matandiko mgongoni." Akamgeukia mdogo wake. "Kutoka hapa, maji mengine yako wapi?"

Arero akaonyesha kwa kidevu. Kulekule walikotoka.

Abiba akatoka majini, tope limemganda miguuni.

"Kwa hiyo tufie kule nyumbani?" Guyo akamuuliza. Hakuwa anamgombeza. Alitaka kujua.

"Sijui. Ningejua, nisingetembea mpaka hapa." Akakamua pindo la gauni. "Ng'ombe wanaoweza kutembea waje na vijana, wale nyasi, wanywe, waondoke maji yakiwa bado yapo. Ndama wabaki. Watoto na nyumba wasije."

"Tadicha atakataa."

"Mwambie ulichokiona kwa macho yako. Akikataa, fito zangu unazifahamu."

Arero akacheka bila kutaka.

Jua lilikuwa chini. Abiba akarudi kwenye ile nyumba ya chicho, akaanza kulegeza kamba za mlangoni.

"Hizo za nini?" Guyo akauliza. "Si zako."

"Akiwa hai, anazitafuta. Akiwa hayupo, atakuwa na binti." Hakuinua kichwa. "Ngamia ametembea mtupu kuja. Asirudi mtupu."

Guyo akasimama akimwangalia. Akawaza jinsi watu watakavyomcheka kwa kazi ya wanawake, kisha akaona kicheko chao hakitamlisha mtu. Akaliweka chini shuka lake la begani.

"Naanza na upi?"

Abiba akasogea kidogo, akamwachia nafasi.

"Weka mkono hapa. Usivute kwanza. Sikia unaegemea wapi."

Guyo akaweka kiganja. Ufito ulikuwa na joto la jua bado. Chini ya mkono wake ukatikisika, ukasukuma taratibu kuelekea gizani, kwenye ufito mwenzake uliouegemea, ambao yeye alikuwa hajauona.