Msugua Vyungu Anashuka Mlimani

Watu wanaofaa walikuwa wameshakwenda wote hospitalini kumshawishi baba. Alikwenda kaka mkubwa, wakili, akaongea dakika arobaini bila kumeza mate. Baba akamsikiliza kwa heshima zote, kisha akamwambia, "Umemaliza? Basi nenda, utachelewa mahakamani." Akafuata dada, mwalimu mkuu, na ile sauti yake inayonyamazisha wanafunzi mia sita kwa mpigo, baba akajifanya kasinzia. Kufikia Jumatatu jioni wote walikuwa wameambulia patupu, na daktari alishasema neno lake la mwisho: mguu wa kushoto ukatwe chini ya goti kabla ya Alhamisi, la sivyo sumu ya kidonda itasambaa kwenye damu na hapo hakutakuwa na cha kujadili. Fomu ya ridhaa ilikaa juu ya kabati dogo kando ya kitanda. Baba aliipa mgongo.

"Basi aende huyu," dada alisema, akimwonyesha mziwanda kwa kidevu.

Mziwanda, binti wa mwisho wa mzee, alikuwa na miaka thelathini na minne na kazi ya kutengeneza matundu ya vifungo katika karakana ya sare. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Akigombezwa, machozi yalimtoka kabla hajajua kosa lake. Hakuna aliyemtuma kwa matumaini. Walimtuma ili baadaye isije ikasemwa kwamba hakutumwa.

Hoja hakuwa nayo hata moja, kwa hiyo alichukua kitabu.

Baba alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja, yule mtu anayepitia kila ukurasa kwa rula na kalamu nyekundu kabla haujaingia mtamboni. Alisoma sheria, kilimo, ratiba za treni, chochote kilichowekwa mezani kwake. Kati ya vyote alikuja nacho nyumbani kimoja tu, hadithi nene ya safari za ajabu, akakiweka juu ya kabati la nguo. Mziwanda alipokuwa mdogo kilimzidi unene, na alipokua akakiona cha kitoto. Hakuwahi kukifungua.

Jumanne saa kumi alasiri, muda wa kuona wagonjwa, aliketi kwenye kiti cha plastiki wodini, akasafisha koo, akaanza kusoma.

Palikuwa na mji ulioibiwa usingizi. Jitu lilikuwa limeufungia ndani ya chungu juu ya mlima, na watu wa mjini walitembea macho makavu, mama wanachanganya watoto wao na wa jirani, mahakimu wanahukumu mashahidi. Mashujaa wakaitwa. Mmoja akasema mkuki wake uko kwa fundi, mwingine akasema ana msiba, wengine wakagombana nani atangulie mpaka wakaumizana. Akabaki msugua vyungu wa jikoni kwa mfalme. Naye wakampeleka kwa sababu moja tu, kwamba akipotea jikoni hapaharibiki kitu.

"Hadithi hizi zote ndivyo zilivyo," baba alisema, macho kafumba. "Humchukua mtu asiyefaa. Nilidhani waandishi wanatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa sisi wadogo. Baadaye nikaona ni kweli tupu. Anayefaa huwa na shughuli nyingine."

"Niendelee, Baba?"

"Endelea. Na pumua kwenye nukta."

Siku hiyo walivuka jangwa na mto. Mguu haukutajwa. Mziwanda alirudi nyumbani anajilaumu njia nzima, maana amepoteza siku moja kati ya mbili zilizobaki, na baba amecheka mara tatu lakini fomu iko palepale.

Jumatano walifika mlimani. Chini ya mlima palikuwa na lango, na langoni bawabu mzee asiyeona vizuri, ambaye kila apitaye alimtoza mguu mmoja. Huku mdomo wa mziwanda ukisoma mstari huu, macho yalitangulia kuangalia yaliyo mbele, na aliyoyaona yakamvunja nguvu. Msugua vyungu alikuwa amefinyanga mguu wa udongo. Anamkabidhi bawabu yule, anapita na miguu yake yote miwili, na ukurasa mzima unamsifu kwa ujanja wake.

Kumbe hicho ndicho kitabu alichokipenda baba. Kitabu cha mtu aliyelikwepa lango.

Mziwanda hakuwahi kumdanganya baba yake tangu azaliwe. Si kwa wema. Hakuwa na uso wa kudanganyia. Alikiinua kitabu kikamficha uso, akasoma yasiyoandikwa.

"Msugua vyungu akaketi juu ya jiwe. Akaogopa sana. Akafikiria sana. Halafu... halafu akanyoosha mguu. Akasema, chukua huu wa kushoto."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikohoa, akageuka. Mziwanda akapiga moyo konde, akaendelea: kwamba ilimuuma, kwamba hakufa, kwamba alikata tawi akalifanya gongo. Hakuwa mtunzi, maskini. Sentensi zake zilikuwa fupi na zote zilianza na halafu. Alipoishiwa kabisa alifunua ukurasa uliofuata na kukishukuru kitabu kimoyomoyo, maana kilikuwa na maneno ya mtu mwingine.

"Akazikwea ngazi za mwamba mbili mbili, mbio, mpaka kileleni—"

"Kwa mguu upi?" baba aliuliza.

Mziwanda aliinua macho kutoka kitabuni.

"Si umeshaukata? Huwezi kumkata mtu mguu ukurasa huu, ukurasa wa pili ukamkimbiza. Msomaji atakurudishia kitabu chako." Alikuwa amefumbua macho, na kidole chake cha shahada kilikuwa kikitembea juu ya shuka, kutoka kushoto kwenda kulia, kama kilivyotembea juu ya kurasa miaka yote ile. "Nimekisoma hiki mara tatu, mwanangu, herufi kwa herufi. Najua hata palipo na mkato usiotakiwa."

"Ulijua tangu wapi?"

"Tangu jiwe. Kitabuni hakuna jiwe."

Machozi yakaanza kumlengalenga. "Nisamehe, Baba. Sikujua niseme nini. Kaka anajua kusema, dada anajua. Mimi sitaki ufe, basi. Sina jingine."

Baba aliitazama dari. Mziwanda akadhani naye sasa anafukuzwa kama wengine.

"Kifunge hicho kitabu," baba alisema. "Kufika kileleni sina shida nako, kila mtu hufika kileleni. Niambie anashukaje."

"Nani?"

"Msugua vyungu wako. Mguu mmoja, chungu mkononi, mlima mrefu. Mimi naishi ghorofa ya tatu, mama. Sijalala wiki nzima nazihesabu ngazi. Hawa wote wamekuja kuniambia nitapona. Hakuna aliyeniambia nitashukaje."

Mziwanda alikifunga kitabu. Alifikiri kama anavyofikiri mtu wa vifungo, tundu moja kwanza.

"Anashuka kwa makalio," alisema. "Ngazi moja moja."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu. Saa za asubuhi, wote wako nje."

"Watamcheka."

"Watamcheka siku ya kwanza."

"Na ya pili?"

"Ya pili watakuwa wamelala. Si amewarudishia usingizi wao?"

Kicheko kilimtoka baba puani, kifupi, bila idhini yake. Kisha uso ukarudi kuwa mzito. Alivuta shuka, akalikunja pindo lake, akalikunjua.

"Na yuko peke yake?"

"Hapana," mziwanda alisema, na safari hii hakutafuta maneno. "Kuna mtu yuko ngazi moja chini yake. Anashuka kinyumenyume, mikono kainyoosha. Chungu amekibeba yeye."

"Kitabuni mtu huyo hayupo."

"Najua. Nimemwongeza."

Baba alimtazama, akamtazama vizuri, kuanzia vidole vilivyotobolewa na sindano mpaka macho mekundu. Mkono wake ukatafuta wa binti yake juu ya shuka, ukaushika.

"Mwite sista," alisema. "Mwambie mzee anataka kalamu."