Maji ya Kwanza ya Sadallah

Viti viliazimwa shuleni, na kitambaa cha meza kilitoka kwa mwalimu Tekla. Ilikuwa Jumamosi, mwaka hamsini na moja, hapo Mtoni, na Bwana Shauri, yule Mwingereza wa wilaya, alikuja kumvalisha Mwishehe nishani. Alisoma karatasi polepole: Mwishehe, mwenye duka, amewachimbia wenzake kisima.

Kisima alikichimba Sadallah. Mwishehe alitoa sururu na chakula cha mchana. Sadallah alipoomba mbao za kuzuia kuta, alijibiwa, "Udongo wa Mtoni mgumu, bwana. Mbao zangu za kuuza." Siku ya tisa ukuta ukamwangukia. Walipomfukua, maji yalikuwa yameshatoka chini ya miguu yake.

Sasa watu wa pale walikuwa na ada yao. Maji ya kwanza ya kisima huyanywa aliyechimba, kwa kata yake mwenyewe. Kama hayupo, mkewe humnywea. Mwanakombo, mjane wa Sadallah, alikuwa ndani anakaa eda, hatoki. Akampa jirani yake Zuena kata ya marehemu, amletee.

Zuena akateka. Mwishehe akamnyang'anya kata mkononi.

"Lete, mama, tusimcheleweshe mgeni."

Akanywa yote.

Bwana Shauri akachoma pini ya nishani kwenye koti, na maji yakaanza kutoka pale pale kifuani. Bwana Shauri akasogeza viatu vyake, akampa mkono, wakapigwa picha.

Kufika alasiri kisima kilikuwa mchanga mtupu. Wanawake wakahamishia ndoo zao barazani kwa Mwishehe. Maji yake yalikuwa matamu, tena baridi.

"Usipumue kwa nguvu, baba," walimwambia, "yanaruka nje."

Mara moja alijaribu kuivua nishani. Maji yakakatika, akaanza kutapika udongo, mpaka mkewe akairudisha pini upesi. Tangu hapo alilala amekaa, karai mapajani.

Eda ikaisha. Mwanakombo akaoga, akajifunga kanga mpya, akaja na debe. Wenzake wakampisha mbele.

"Shemeji," akasema Mwishehe, meno yanamgongana kwa baridi, "niombee radhi kwa mumeo. Mie nimechoka."

"Jina lake mtaliweka kwenye jiwe la kisima?"

"Jiwe limeshachongwa jina langu, shemeji. Nikisema leo kwamba si mie, watu watanionaje?"

Mwanakombo akatua debe chini.

"Basi inama vizuri. Debe langu refu."

Akainama. Debe likajaa mpaka juu. Mwanakombo akajitwika, akaenda nalo kwake taratibu, akalimwaga lote uani, akarudi kwenye foleni na debe tupu.