Mgeni wa Nyuma ya Karakana

Mtu huyu hakuwahi kukosea. Tuanzie hapo, maana usipolijua hilo hutaelewa jinsi binti yake alivyoponea chupuchupu kukosa chuo kikuu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa mzima ulimwita Kimataifa, kwa sababu ndilo neno aliloliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana yake, ingawa mteja wake wa mbali kuliko wote alikaa upande wa pili wa barabara ya lami. Akitengeneza dirisha likagoma kuingia, basi ukuta umejengwa ovyo. Geti likikwaruza chini, ardhi imevimba. Mke wake alishazoea. Ukimwambia mume huyo chai imepoa kwa kuwa amechelewa kuja mezani, atakujibu kwamba kikombe chenyewe ndicho kibovu.

Aliyekuja kuiokoa biashara ni binti yake, kitinda mimba. Tangu akiwa na miaka kumi na minne alichukua futi kamba akawa anakwenda kwa wateja kupima mwenyewe, na tangu hapo kuta za mtaa mzima zikanyooka ghafla. Kimataifa akawasifu waashi. Binti akaendelea kupima. Alipomaliza shule kwa matokeo ya kung'ara, akatangaza kwamba anataka kusomea upimaji ardhi, na nchi nzima chuo kilichofundisha kozi hiyo kilikuwa kimoja tu.

Maombi aliyajaza mwenyewe, kwa utulivu, kwenye kompyuta ya duka la steshenari. Siku ya kumalizia ukurasa wa mwisho akaitwa kupima milango ya zahanati, kazi kubwa, si ya kuachia. Kimataifa akajitolea. Kwani kilichobaki ni nini, kubonyeza mara mbili tatu? Binti akasita, kisha akamwandikia nywila kwenye kipande cha karatasi.

Dada wa steshenari akafungua ukurasa, huku mkono mmoja ukivuta karatasi iliyonasa kwenye mashine ya kopi, akauliza kama mwombaji ni wa ndani au wa kimataifa. Dukani walikuwemo watu sita, na wote walimjua. Kimataifa akataka kujua tofauti yake. Dada akasema hana uhakika sana, ila wale wa kimataifa wana foleni yao na hujibiwa mapema. Imekwisha hiyo. Wa ndani ni nani? Ni kila mtu. Sasa mtoto aliyefaulu namna ile utamtia fungu moja na kila mtu? Akaagiza iwekwe kimataifa, kwa sauti ya kuwatosha wote sita.

Kweli walijibu mapema. Siku ya tisa, wakati wa chakula cha mchana, ujumbe ukaingia kwenye simu ya binti. Chuo kilimshukuru kwa kuichagua nchi yao. Kilimtakia safari njema. Kilimwomba awasilishe pasipoti, kibali cha kuishi, barua kutoka ubalozi wa nchi yake na cheti cha kuthibitisha kwamba anaielewa lugha ya hapa, vyote kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo maombi yatafutwa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mama mtu alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo mimi nimezaa mgeni," akasema, "na nimemzalia kwenye chumba kile pale." Akaelekeza kidole kwenye kimoja cha vyumba viwili vya nyuma ya karakana, wanamolala mpaka leo. Binti hakucheka. Alikuwa anamtazama baba yake.

Kimataifa alitafuna polepole kuliko kawaida, akameza, kisha akatoa hukumu: ni mfumo huo. Mifumo ya siku hizi haiaminiki, inachanganya watu na mafaili yao. Alisema hivyo ingawa alikuwa ameshaelewa palepale, kijiko kikiwa mkononi, kitu gani alichokifanya.

Alhamisi akahangaika kwa njia zake. Alikwenda kuulizia pasipoti, akaambiwa wiki tatu. Akarudi na wazo kwamba waanze na kile cheti cha lugha, kwa kuwa hicho angalau una hakika ya kufaulu. Binti akamshukuru, akasema kesho atakwenda chuoni mwenyewe. Haiwezekani, akasema Kimataifa. Mfumo unataka mtu mzima wa kuusemesha.

Ijumaa, askari wa getini aliposoma ule ujumbe, alibadilika kabisa. Akaanza kuwasemesha neno moja moja, kwa sauti ya juu, akisaidiwa na mikono: hapa, kulia, ngazi, juu. Kimataifa, aliyezaliwa mwendo wa nusu saa kutoka geti hilo, akamjibu polepole vilevile kwa kuchanganyikiwa. Huko juu, kwenye foleni ya wageni alikuwepo mwanamke mmoja tu kutoka ng'ambo, aliyewapa pole ya safari kwa Kiswahili safi kabisa, akawashauri wachemshe maji ya bomba siku za mwanzo mpaka matumbo yazoee. Binti akaitikia kwa heshima zote. Kimataifa alitamani sakafu ipasuke.

Walisubiri sana. Ilipofika saa tisa na nusu ndipo afisa udahili, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akawaita ndani. Aliwasikiliza bila kushangaa, kama mtu aliyeona makubwa zaidi wiki hiyohiyo.

"Nina swali moja tu," akasema. "Kosa ni la mfumo, au la aliyejaza?"

Akawaeleza kwa nini anauliza. Likiwa la mfumo, faili linakwenda idara ya kompyuta, majibu wiki tatu, na leo saa kumi maombi yanafungwa. Likiwa la aliyejaza, huyo aliyejaza anaandika mstari mmoja wa kukiri, anatia sahihi, na yeye afisa anabadilisha hapohapo.

Kimataifa akatazama feni. Lile neno mfumo lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, na alijua likitoka tu mtoto anabaki nyumbani. Lakini neno jingine halikuwa na njia ya kutokea. Miaka hamsini na miwili halijawahi kupita kwenye koo lile.

"Nilikosea mimi," akasema binti, akavuta fomu na kalamu.

Na tuseme ukweli, kitu cha kwanza alichokisikia Kimataifa kilikuwa nafuu. Kumbe mambo ni mepesi. Kisha akauona ule mwandiko, herufi ndogo zilizonyooka, ukianza kuandika kosa ambalo si lake. Binti hakuwa na hasira. Aliandika kama anavyofagia uwanja wa nyumbani, kazi ya kila siku. Hilo ndilo lililomchoma baba mtu. Mtoto huyu amezoea, akajiambia. Miaka yote hii amekuwa akifagia nyuma yangu.

"Weka kalamu chini, mama," akasema. "Si yeye. Niliyekosea ni mimi."

Afisa akampa karatasi nyingine. Kimataifa akainama akaandika. Mstari ukajaa, naye akaendelea. Afisa akamkumbusha kwamba mstari mmoja unatosha, akajibu kwamba anajua, akaomba karatasi ya pili. Alikuwa ameanza na fomu, sasa amefika kwenye makosa ya kazi za zamani, kwenye dirisha la mwalimu mkuu lililopungua sentimita mbili. Binti, aliyekuwa akisomea begani kwake, akanong'ona kwamba zilikuwa nne. Akakata mbili, akaandika nne. Ikafika saa kumi kasorobo. Ndipo akaandika sentensi ya mwisho, akiifunika kwa kiganja kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu, akasukuma karatasi zote mbili mbele na kujifuta uso kwa mkono wa shati.

Afisa akaichukua ile ya kwanza, akaigonga muhuri, akabonyeza hapa na pale, akageuza kioo cha kompyuta wakione wenyewe. Mwombaji wa ndani. Imepokelewa. Ya pili akaisoma kimya, akavua miwani, kisha akairudisha karatasi mezani. Akasema hiyo faili haliihitaji.

Kimataifa alinyoosha mkono aichane, lakini binti alikuwa ameshaichukua. Akaisoma amesimama, bila haraka, mpaka kwenye ile sentensi ya chini kabisa: Niliona aibu mwanangu aitwe wa hapa, kwa sababu hapa ni kwangu.

Akaiweka kwenye bahasha ya vyeti, katikati ya cheti cha kuzaliwa na matokeo ya mtihani. Kimataifa akamwomba aitoe. Karatasi gani hiyo ya kutunza, ina makosa matupu.

"Naitunza, baba," akasema binti. "Wakiniuliza tena mimi ni wa wapi, nitawaonyesha hii."