Kaskazini Ni Juu

Mkwe wangu alipoolewa na mwanangu alikuwa amebakiza muhula mmoja amalize chuo cha ualimu, somo lake jiografia. Akapata mimba, mwanangu akasema chuo kitasubiri. Chuo hakikusubiri. Akazaa binti, na kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno tukamwita Chiriku.

Mwanangu ni fundi wa kuchomea mageti, na kichwa chake ni kigumu kuliko chuma anachokata. Chiriku alipofika miaka minne, mwanangu akaamua tuchimbe kisima, na hapo hapo tuchimbe choo kipya, maana cha zamani kilikuwa kimejaa. Akamleta mchimbaji tunayemwita Sululu. Sululu akachora ramani nyuma ya kalenda: nyumba katikati, herufi K kwa juu, maana yake kaskazini. Kisima akakiweka karibu na ile K. Choo akakiweka chini, nyuma ya jiko. Kati ya viwili hivyo hatua kumi na tano, nilizihesabu mwenyewe.

Kiwanja chetu ukikitazama ni bapa kama sinia, kwa sababu mwanangu alishamwaga kifusi malori mawili akakisawazisha.

Mkwe wangu akatoka jikoni, mikono ina unga, akaitazama ile kalenda.

"Hapana. Choo kitakuwa juu ya kisima."

Sululu akacheka. "Shemeji, umeishika kichwa chini nini? Kisima hiki hapa juu, choo hiki hapa chini. Tangu lini uchafu ukapanda mlima?"

"Hiyo ni juu ya karatasi, shemeji. Si juu ya ardhi. Mto uko upande gani?"

"Huko huko kaskazini."

"Na mto unakaa mlimani? Ardhi hii inashuka kwenda mtoni, kifusi kimeificha tu. Maji ya chini nayo yanashuka huko huko. Yatapita chooni kwanza, ndipo yafike kisimani."

"Mama mwalimu huyo!" mwanangu akasema. "Amekariri majina ya milima, sasa macho yake yanaona mpaka chini ya udongo."

"Jiografia si kukariri milima, baba Chiriku. Ni kuuliza kitu kiko wapi, kwa nini kiko hapo, na nani kitamdhuru au kumfaa kikikaa hapo. Anayekunywa maji hapa ni mtoto wako."

Mwanangu akanigeukia mimi. "Mama, hapa mwenye elimu aliyoimaliza ni wewe. Kaskazini ni juu au chini?"

Nilimaliza la saba, na siku zote nimejivunia hilo. Nikaiona ile ramani ya darasani imetundikwa kwenye msumari, na mwalimu na fimbo yake: kaskazini juu, kusini chini, mashariki kulia, magharibi kushoto. Swali hilo nilipata vema.

"Juu," nikasema. "Kaskazini ni juu."

Sululu akapiga makofi. Mkwe wangu hakubishana na mama mkwe. Alisema tu, "Basi mama, naomba tuwe tunayachemsha."

Tukachemsha wiki za mwanzo. Maji yalikuwa meupe, matamu, hata harufu hayana. Mwenye kuchochea mkaa nilikuwa mimi, nikaona nateswa na ujuzi wa chuoni. Siku mkwe akienda sokoni nikawa nachota na kumpa mtoto hivyo hivyo.

Mvua kubwa zilipokuja, Chiriku akaanza kuhara asubuhi, jioni akatapika. Tukasema ni tumbo tu. Siku ya tatu macho yalikuwa yameingia ndani, na yule mtoto wa maneno akawa hasemi. Hospitali walihangaika kutafuta mshipa wa kumwekea dripu. Alifariki saa sita mchana, mama yake amemshika mguu.

Bwana afya akaja na vichupa vyake, akachota maji kisimani. Akasimama uani akageuka huku na huku, akauliza swali moja: "Mto uko upande gani?" Alipokwenda, kisima kilikuwa kimefungwa.

Msibani akina mama walisema ni mapenzi ya Mungu. Mkwe wangu akainua kichwa. "Mungu hakuchimba choo."

Dada yangu akanifinya nimkemee. Ningemkemea kwa mdomo upi?

Miezi mitatu ikapita. Sululu akarudi, safari hii hana ramani. Mwanangu akaniuliza, "Mama, tuchimbe wapi?"

"Muulize mkeo."

Akaenda mpaka mlangoni, akasimama kama mtu anayepiga hodi kwa wenyewe. "Mama Chiriku, kisima tukiweke wapi?"

"Sasa?" akasema mkwe wangu.

Akanyoosha kidole upande wa kusini, kule mbali kwenye kona ya ukuta, akarudi ndani.

Wakachimba alipoonyesha. Maji yakatoka, bwana afya akayapima akasema ni salama. Majirani wanakuja na ndoo, wanamsifu mwanangu kwa kuchagua mahali pazuri, naye hawakatalii. Mkwe wangu hayanywi. Kila asubuhi anabeba ndoo yake kwenda bomba la sokoni, anapita mbele yangu, ananisalimu, "Shikamoo mama."

Nami naitikia marahaba.